Nyumba Zimekaa Tupu, Bei Mbona Palepale? Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Mwakeye wasomaji wangu wa Kigoma na kwingine kote. Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote ni za nyumba, sio za ndoa wala za mikopo ya kausha damu kama tulivyozoea, ni nyumba tu. Naelewa kwanini. Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, mashirika yaliyokuwa yanahudumia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta yalipunguza watu, na hao watu ndo walikuwa wapangaji wa zile nyumba za maana hapa mjini na kule Kasulu na Kibondo. Ziwa Tanganyika nalo toka 2024 linapumzishwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti hakuna kuvua, kwahiyo mwenye mtumbwi hana hela, mwenye duka la nyavu hana hela, mama wa dagaa Kibirizi hana hela, na kodi ya nyumba ndo inakuwa ya kwanza kulala. Ukipita Mwanga au Gungu saa hizi unaona vibao vya NYUMBA INAPANGISHWA vimepauka kwa jua. Nimechagua barua chache, nyingine zinafanana.

Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Kigoma kutoka Tabora, nina mke na mtoto mmoja, tumefikia kwa shemeji Buzebazeba na sasa tunaona aibu maana tumekaa sana. Natafuta vyumba viwili na sebule, choo cha ndani, maji yawepo. Nimezunguka na madalali watatu, nyumba zipo na nyingine zina nyasi mpaka dirishani yaani hazijakaa mtu muda mrefu, ila kila mwenye nyumba anataja laki mbili na nusu na anataka miezi sita. Hiyo ni milioni moja na nusu, bado laki mbili na nusu ya dalali. Nimesoma kwamba nchi za wenzetu uchumi ukiyumba nyumba zinashuka bei hadi watu wanachagua. Hapa mbona hazishuki? Nisubiri au nikakope nilipe? — Mwalimu, Buzebazeba

Marahaba mdogo wangu, na pole. Usikope, na usisubiri, maana bei haitashuka kwa namna unayoisubiri wewe.

Huko ulikosoma, tuseme Marekani, bei za nyumba zilianza kuporomoka 2006 na kufika 2012 wastani wa nchi nzima ulikuwa umeshuka zaidi ya robo. Ila angalia nini kilizishusha. Watu walikuwa wamenunua kwa mkopo, wakashindwa marejesho, benki zikachukua nyumba, na benki haina shida ya kuwa na nyumba, ina shida ya hela yake, kwahiyo inauza hata kwa hasara, na jirani ambaye hadaiwi na mtu naye akiamka anakuta nyumba yake thamani imeshuka kwasababu ya kwa pembeni iliyouzwa kwa bei ya kutupa. Sasa njoo Gungu. Mwenye nyumba wa Gungu alijenga tofali kwa tofali, mwaka huu msingi, mwaka kesho kutwa boma, akasubiri kiinua mgongo akapaua, madirisha akaweka nyavu kwanza vioo baadae. Hamna benki inayomgongea mlango. Nyumba ikikaa tupu hatoi kitu mfukoni, anakosa tu alichokuwa akipata, na kukosa hakumuumi mtu kama kudaiwa. Halafu ana wapangaji wengine wawili uani, akikushushia wewe ikawa laki na nusu, kesho asubuhi wote wamejua na wote wanataka hivohivo. Kwahiyo bei ya mdomoni anaiacha palepale hata miaka miwili.

Kinachoshuka kwetu wakati wa hali ngumu ni masharti. Hapo ndo pa kupigania na hapo watu wengi hawapigani, wanagombana na ile laki mbili na nusu, mzee anakasirika, mazungumzo yanaisha.

Anza na miezi. Hiyo sita sio sheria, ni mazoea, ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005 na kilichobaki ni makubaliano yenu wawili. Nyumba yenye nyasi dirishani mwenyewe anajua kabisa kwamba haipati mtu. Mwendee kwa adabu, ukae chini, umwambie mzee mimi ni mwalimu, mshahara wangu unaingia kila mwezi, sina milioni na nusu leo lakini miezi mitatu ninayo hapa na ikibaki wiki mbili iishe nakuletea mitatu mingine bila kukumbushwa. Mtumishi wa serikali saa hizi ni mpangaji wa kutafutwa, wale wa mashirika walilipa vizuri lakini mikataba yao imeisha ghafla, wewe mkataba wako hauishi. Hilo ni jambo kubwa mkononi mwako na nadhani hujalisema hata mara moja.

Ukishapata miezi mitatu, nenda kwenye matengenezo. Nyumba iliyofungwa mwaka mzima ina kazi, bomba limekauka, kitasa kimeshika kutu, popo wameingia darini. Mwambie nitafyeka, nitapaka rangi, nitarekebisha choo, risiti nakuletea na tukate kwenye kodi ya mwezi wa pili. Wengi wanakubali haraka sana kwasababu hela haitoki mfukoni kwao na nyumba yao inapona. Andikeni. Karatasi moja yenye majina, kiasi, tarehe, nani anatengeneza nini, na mashahidi wawili, hata kama mzee ni rafiki ya baba yako.

La dalali. Ukiona nyumba ya nyasi umepita mwenyewe kwa miguu, muulize jirani au mjumbe mwenye nyumba ni nani, uende moja kwa moja. Lakini kama dalali ndo aliyekupeleka, mlipe, usimzunguke, lile ni jasho lake na yeye pia hali ngumu inamhusu. Unaweza kumwomba akupunguzie, saa hizi wanapunguza, au achukue nusu sasa nusu mwezi ujao.

Na jambo moja nakuomba kama ndugu yako. Usichukue nyumba Kigoma kwa kuiona kiangazi mchana. Mji wetu ni vilima na mabonde na udongo mwekundu unaomeguka. Mi mwaka nilipohamia Mwanga nilichukua nyumba Agosti, nzuri, ina upepo wa ziwa, Novemba mvua ilipoanza maji ya mlimani yalikuwa yanaingia mlango wa nyuma yanatokea wa mbele, nikabeba godoro kichwani saa tisa usiku na mtoto mgongoni. Mwenye nyumba alikuwa anajua. Nililia sana ile wiki, maana kodi yangu ya miezi sita alikuwa nayo yeye. Kwahiyo angalia ukuta kwa chini, kama kuna mstari wa tope au rangi imevimba na kubanduka hapo maji yanafika. Angalia mfereji unaelekea wapi. Fungua bomba saa nane mchana, sio asubuhi, kule juu vilimani presha inakuwa ndogo na nyumba nyingine maji yanapanda usiku tu, muulize mama jirani anayechota sio dalali. Na ukienda Katubuka usiamue kabla hujajua maji ya mvua yanatuama wapi.

Dada habari. Nimehamia nyumba iliyokuwa haina mtu, nimenunua umeme wa elfu ishirini nimepata uniti kidogo sana, nikaambiwa nimekatwa kodi ya majengo. Mimi mpangaji, hii kodi inanihusu vipi? — Mpangaji, Rusimbi

Nzuri mdogo wangu. Kodi ya majengo toka 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mwanzo ilikuwa 1,000 kwa mwezi, 2023 ikapanda ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Ni ya mwenye nyumba, sio yako, ila mita haijui nani kaingiza namba. Sasa nyumba ikikaa tupu miezi nane hakuna aliyenunua umeme, deni linajikusanya, na wewe wa kwanza kununua ndo linakuangukia lote, 12,000 mara moja. Tunza ile meseji ya tokeni, mwonyeshe mwenye nyumba, mkate kwenye kodi yako ya nyumba. Na wengine ambao hamjahamia, kabla ya kulipa chochote nunueni umeme wa elfu mbili au tatu kwenye ile mita muone kinachotokea, mtajua madeni yote hapohapo. Na bili ya maji vilevile, omba ya mwisho uione kwa macho.

Shikamoo shangazi. Kaka yangu yupo Dar, amenituma nimtafutie pa kununua Kigoma kwasababu anasema sasa hivi watu wana njaa wanauza. Nimepata pagale Kibirizi, karibu na maji kabisa, vyumba vitatu limefika lenta. Mwenyewe ni mvuvi, mwaka jana alitaka milioni saba, sasa ziwa limefungwa anataka nne na anataka wiki hii. Ana karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Dalali anasema reli mpya ya SGR ikifika hapa patakuwa milioni ishirini. Tuchukue? — Binti, Kibirizi

Marahaba mwanangu. Hii barua nimeisoma mara tatu na moyo haujatulia, kwahiyo nitakujibu kwa kirefu.

Kwanza hilo ziwa. Wewe ni mtoto wa Kibirizi, umeona mwenyewe maji yalivyopanda 2020 na 2021 na tena 2024, vibanda vikaingia majini, watu wakahama na mabati yao kichwani. Sasa yakishuka kidogo watu wanasahau na wanauza. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, mvua zikizidi linajaa kuliko linavyotoka, na linachukua miaka kupungua. Wazee wa zamani wanalijua hili. Nenda Ujiji pale penye kumbukumbu ya Livingstone, alikutana na Stanley pale 1871, na enzi hizo ziwa lilikuwa karibu na pale, leo ukitaka kunawa unatembea. Maji yalizidi kupanda mpaka 1878 hivi yakapasua njia Lukuga, ndo ziwa likashuka na kurudi nyuma kwa miaka mingi. Lilienda na linarudi. Kwahiyo usiulize maji yako wapi leo, uliza mwaka ule mbaya yalifika kwenye mti gani, kwenye ukuta upi, na mzee wa pale atakuonyesha kwa kidole.

Na kuna sheria ya mazingira ya 2004, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Beba futi kamba upime. Kama pagale liko ndani ya zile mita 60, kaka yako atakuwa amenunua ugomvi na serikali, hata kama ukuta umesimama vizuri namna gani. Kwa nilivyosoma barua yako, "karibu na maji kabisa", mimi nadhani liko ndani.

Karatasi yenye mhuri wa mtaa inasaidia kuonyesha kwamba mliuziana mbele ya watu, lakini haithibitishi kwamba pale ni pake. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, uliza eneo limepimwa au halijapimwa, kuna ramani ya mipango miji au hamna, na kama kuna hati fanyeni upekuzi rasmi mjue jina lililoandikwa ni la nani na kama imewekwa rehani. Halafu uliza ana mke? Kama hilo boma ndo nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mwenza, mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, na kesi za namna hii kwenye baraza la ardhi na nyumba ni nyingi mno, mama anakuja na watoto wake baada ya hela kuliwa, na mnunuzi ndo anabaki amesimama katikati hana hela hana nyumba. Mke awepo, asaini, na asaini akiwa anaelewa anachosaini.

SGR ni kweli ipo, mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilomita zaidi ya 500. Lakini dalali hajui reli italeta nini mlangoni pako. Nunua kwa thamani ya leo, ya kitu unachokiona. Na hapohapo ofisi ya ardhi uliza kama kiwanja kinaguswa na njia ya reli au barabara, maana ukinunua eneo lililokwishathaminiwa, fidia iko kwa jina la aliyekuuzia, sio lako.

Sasa la mwisho na ndo lililonikaa moyoni. Huyo mvuvi anauza kwa nne kilichokuwa saba kwasababu yuko kwenye ile miezi mitatu. Septemba atakuwa na dagaa na atajuta, na nyinyi mtaishi naye mtaa mmoja. Sikwambii usinunue kwa mtu mwenye shida, wakati mwingine kununua ndo kumsaidia. Nakwambia haraka yake isiwe haraka yako. Mtu anayesema wiki hii hii, mwambie nipe wiki tatu niulize, kama kiwanja ni chake na ni kisafi atasubiri. Kama kuna eneo lingine lake huku juu, mbali na maji, lenye uzio wa katani hata bila boma, mimi kwa milioni nne hiyohiyo ningechukua hilo na kumlipa bei anayostahili. Mwambie kaka aje mwenyewe, apande treni au basi, akanyage. Nyumba hainunuliwi kwa picha za WhatsApp.

Dada, kuna ukurasa Facebook una nyumba nzuri sana Bangwe, laki moja na nusu, fensi, tailizi, jipsamu, kisima. Anataka elfu thelathini ya kuonyeshwa nitume kwanza. — Kijana, Mlole

Usitume mwanangu. Hela ya kuonyeshwa unampa mtu mkononi, mkiwa mmesimama mbele ya geti, na hata hapo elfu thelathini ni nyingi. Mwambie akutumie video sasa hivi akiwa ndani ya hiyo nyumba akilitaja jina lako. Akileta sababu, futa namba.

Mwanangu hujambo. Mimi ni mjane, nipo Gungu. Marehemu mume wangu aliacha nyumba ya vyumba vinne, ilikuwa inakaa shirika miaka sita, walilipa kwa mwaka na wala sikuwahi kuwadai. Mwaka jana waliondoka. Toka hapo haijapata mtu, wanakuja wanaona kubwa wanaondoka. Mwanangu mkubwa ananiambia niiuze. Nashindwa, ile nyumba ndo inanilipia dawa za presha na ada ya mjukuu. Nifanyeje? — Mama, Gungu

Shikamoo mama yangu. Sijambo, pole kwa yote.

Usiiuze mwaka huu mama, kama hakuna deni la kukulazimisha. Wanunuzi wenye hela taslimu saa hizi ni wachache na wanajua kwamba wewe unahitaji, watakupa bei ya kukuonea, na dawa za presha hazitaisha lakini hela ya nyumba itaisha. Mwanao anasema kwa nia njema lakini akae nawe chini muandike kwanza, hiyo hela ikipatikana itakulisha miaka mingapi, halafu mlinganishe na kodi hata ndogo.

Shida yako kwa ninavyoona ni kwamba ile nyumba ilijengeka kwa mpangaji wa aina moja na huyo mpangaji hayupo. Shirika lilikuwa linahitaji vyumba vinne, geti la gari na chumba cha mlinzi. Wanaotafuta leo ni walimu, manesi, vijana wa benki na wa bandarini, wanataka vyumba viwili na choo ndani, na wanalipa kidogokidogo. Tafuta fundi mwaminifu akuangalizie kama inagawanyika mara mbili, mara nyingi ni kuziba mlango mmoja wa korido, kufungua mwingine kwa pembeni, na kuongeza jiko dogo upande wa pili. Umeme usiwaunganishe, weka sabmita au omba mita ya pili, wapangaji wengi wanagombana kwa LUKU ya kushea kuliko kwa kitu kingine chochote. Usikope kausha damu kwa kazi hiyo mama, nakuomba sana. Anza na upande mmoja, ukipata mpangaji kodi yake ya miezi mitatu itajenga upande wa pili.

Na ukubali miezi mitatu. Najua ulizoea ya mwaka mzima, ile ilikuwa raha, unapokea unapanga. Ila mlango uliofungwa mama, mchwa hawasubiri, nyumba isiyo na moto jikoni inakufa haraka. Mtu wa miezi mitatu anayefagia uwanja na kufungua madirisha anakutunzia mali ya marehemu.

Barua ya kwanza hapo juu ni ya mwalimu mwenye mke na mtoto, yupo kwa shemeji yake Buzebazeba na anataka vyumba viwili. Hamjuani, na mimi sijawaona wote wawili, kwahiyo mtaulizana wenyewe, uliza mpaka shuleni kwake. Lakini mama kama unakubali, nitumie ujumbe nimpe namba yako wiki hii, kabla hajaenda kulipa miezi sita kwingine.